Hufungua na Hufungui

Mimi ni mtu wa majina. Nikikaa na wewe kikao kimoja, jina lako na la mama yako siyasahau tena, na wote waliokuwepo kwenye mkutano wa bomba nawajua mmoja mmoja. Humu sitawataja, maana tungali tunateka maji pamoja.

Bomba lenyewe liko mtaani kwetu, Ukunda, nyuma ya barabara iendayo Diani. Lina kibanda cha mabati na kufuli, na ufunguo wa kufuli hiyo nilikaa nao mimi tangu bomba lilipowekwa. Nikishaswali alfajiri nafungua, nafagia, napanga madumu ambayo watu wameyalaza foleni tangu jana. Silipwi. Lakini mjane wa umri wangu akiwa na ufunguo, watu humbishia hodi. Asipokuwa nao, humsalimia wakipita tu. Mimi nilitaka kubishiwa hodi.

Basi akaja afisa wa maji, kijana wa bara, kuwachagua upya watunzaji wa bomba. Tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kibanda, wenyeji wachache na wapangaji wengi waliohamia kutoka kila pembe. Akauliza, "Hii kazi ya kufungua na kufagia, ni nani anaifanyanga?"

Nikasimama. Lugha yangu ya kwanza ni Kidigo. Nimezaliwa mashambani, nyuma ya Msambweni, na shule niliishia darasa la pili. Kiswahili nilikiokota sokoni na kwenye jikoni za watu. Sasa kwetu sisi, kufanya ni kuhenda. Nikatoa sauti: "Yote nahenda mimi."

Yule kijana akasikia "naenda."

"Shosho anaenda wapi?" akauliza, maana kwao bibi ni shosho.

"Atakuwa anataka kupumzika," akajibu jirani yangu muuza mandazi, mwanamke wa bara pia. "Umri umesonga."

"Ni sawa. Shosho, umetufanyia kazi poa. Enda upumzike."

Nyuma kulikuwa na wanawake wawili wa Kidigo, wameegemeana kwa kicheko. Mmoja akajikaza akasema, "Jamani, anasema anafanya," lakini makofi yalikuwa yameshaanza. Nikapigiwa makofi ya kuagwa, nimesimama na ufunguo mkononi. Akachaguliwa muuza mandazi, akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Kesho yake nilimfuata afisa. Akaniambia niliaga mwenyewe mbele ya watu, kwa hivyo nikitaka kurudi niseme mbele ya watu hao hao, kwenye mkutano unaofuata, baada ya Ramadhani.

Binti yangu akasema, "Mama, usijisumbue. Siku hiyo nitakusemea mimi."

"Nikishakufa utanisemea," nikamwambia. "Sasa hivi ningali na mdomo."

Nikaenda gumbaru. Darasa letu la watu wazima lilikuwa katika shule ya msingi, mchana, watoto wakishatoka, na tulikaa kwenye madawati yaliyotubana magoti. Mwalimu alikuwa msichana wa Funzi, Kiswahili chake laini kama tui la kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka uninyooshee ulimi."

"Umepindia wapi?"

"Kwenye henda."

Nilipomweleza alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaniuliza neno ambalo sikuwahi kuulizwa. "Bibi, wewe hasa unataka kusema nini?"

Nikafikiri. "Nataka kusema kazi ya kila siku. Si ya jana peke yake, si ya kesho. Ile isiyokatika."

"Hiyo ni hu," akasema, akaandika ubaoni. Mimi hufungua. Wewe hufungua. Yeye hufungua. Sisi hufungua. Hu haimjui mkubwa wala mdogo, haibadiliki. Nikaipenda palepale, kwa kuwa haina upendeleo.

Kuipenda ni kitu kimoja, kuitamka ni kingine. Mara ya kwanza nilisema, "Mimi ninahufungua." Akaniambia hu haitaki mwenzake mbele yake. Mara ya pili nikamtazama usoni, nikasema, "Mimi hufungui."

"Hapo, bibi, ni kama umenigeuzia maneno mimi," akasema. "Hufungui ni kumwambia mtu kwamba yeye hafungui, amekaa tu."

Tazama mambo. Mwanzoni niliponzwa na herufi ya mbele, sasa ya nyuma nayo inanitegea. Nikisema a, mimi ni mchapa kazi. Nikisema i, nimemsuta afisa mbele ya watu wake.

Nikaazimia. Nikikuna nazi, kila mvuto nasema: mimi hukuna, mimi hukuna. Nikifua: mimi hufua. Nikichambua mchicha: mimi huchambua. Binti yangu akaanza kufunga mlango wa chumba chake. Darasani kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kujifunza kusoma ujumbe wa simu, asisomewe tena na wakwe. Akanisikiliza siku moja, akasema, "Huyu bibi kwa kufungua kwake, na mlango wa peponi ataufungua."

"Na wewe utanikuta ndani nafagia," nikamwambia.

Ramadhani ikaisha. Mkutano ukakaa. Watu walianza kwa kulalamika kwamba bomba linafunguliwa jua limeshatoka, watoto wanakwenda shule hawajanawa. Muuza mandazi akajibu kwamba saa hiyo mafuta yake yako motoni, na yeye hana mikono minne.

Nikanyanyua mkono. 

"Mimi hufungua bomba alfajiri," nikasema. "Mimi hufagia. Siku ile sikusema naenda. Nilisema nafanya, kwa lugha ya mama yangu. Sijaenda popote, na siendi."

Afisa akanitazama, akatazama wale wanawake wawili wa Kidigo, nao wakaitikia kwa vichwa.

"Kumbe," akasema. "Kwa hivyo ni wewe hufunguanga."

"Ndimi."

Ile "-nga" ya bara aliyoibandika mwishoni nilimwachia. Maana ilikuwa imefika.

Wa kwanza kuinua mkono kunichagua alikuwa muuza mandazi mwenyewe. "Mpeni, mpeni upesi," akasema. "Mandazi yangu yanaungua kwa sababu ya madumu yenu."

Jumatatu nikarudi darasani. Mwalimu akaniuliza nimefuata nini tena, na ufunguo nimeshaupata. Nikamwambia kuna siku nafungua na bomba linakohoa upepo mtupu, na watu wanatoka mbali na madumu yao. Nataka kuandika kibao.

Akaniandikia mawili nichague: maji hayakufika, na maji hayajafika. Nikauliza tofauti. La kwanza, akasema, limeshafunga habari. La pili linangoja.

Nikachagua la pili. Nililiandika mwenyewe kwa chaki, polepole, herufi zimelala upande mmoja, nikalitundika kwenye mabati siku bomba lilipokohoa tena. Siku hiyo wanawake walisoma, wakaweka madumu foleni, wakaenda zao, wakarudi jioni.