Kidonda cha Asumini

Asubuhi ile nilikuwa nimemfokea Asumini kwa sababu ya jivu. Alikuwa amejipaka kwenye kidonda, eti kikauke upesi, wakati mimi nilishautumikia mguu ule wiki tatu nzima. Alijikata muundi kwa jembe akipalilia mikorosho, akaja zahanati akiwa amechelewa na kidonda kinanuka. Kila siku nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikakifunga na kumgombeza, naye akacheka. Siku hiyo, nilipomaliza kuliosha jivu, niliona nyama mpya nyekundu imejaa karibu kufikia ngozi. Nilimwambia bado wiki moja tu, atarudi shambani.

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Songea, na nyumba yangu iko Ruhuwiko. Wenzangu wengi hupenda wodi ya wazazi kwa sababu kuna furaha. Mimi nilipenda chumba cha dresingi, maana kidonda hakijui kudanganya. Miaka ile nilikuwa nimevuka mto Ruvuma kwa mkataba, nikifanya kazi kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Msumbiji. Mama yangu ni Myao wa Nalasi, kwa hiyo lugha haikunipa shida. Na nilikuwa na tabia ya kueleza kila ninachofanya. Niliamini mgonjwa akielewa mwili wake, hapaki jivu.

Watu wenye silaha walifika siku hiyohiyo, kabla ya saa sita.

Yaliyotokea kijijini sitayaeleza. Niliyasikia tu kupitia dirishani, na wapo walioyaona ambao wana haki zaidi ya kuyasema. Zahanati tulikuwa tumebaki watatu: mimi, Asumini, na Mama Salima, mfanyakazi wetu wa usafi, ambaye watoto wake wawili walikuwa kwa bibi yao, mwendo wa siku moja kutoka pale.

Walimleta mkubwa wao kwenye blanketi, risasi imempitia pajani. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alinipa masharti akiwa amelala kitandani, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Nimtibu. Siku atakayoweza kusimama, wataondoka, na kila anayeweza kutembea ataondoka nao kubeba mizigo. Asiyeweza ataachwa.

Kwamba mimi nitachukuliwa nililijua palepale. Mama Salima alikuwa mzima wa afya, na sikuwa na la kumfanyia. Lakini Asumini alikuwa na bandeji. Nikaiongeza unene kutoka kifundo hadi chini ya goti, nikasema mfupa umeingiliwa na usaha, hawezi kukanyaga. Asumini aliusikia uongo wangu, akaanza kulalamika kama mtu mwenye maumivu makali. Kwa kuigiza alikuwa hodari kuliko mimi.

Mimi na Asumini walitufungia kwenye chumba cha dresingi, komeo kwa nje. Mkubwa wao alilala chumba hichohicho, upande wa pili, ili niwe karibu. Mlinzi alikaa mlangoni. Dirisha lilikuwa na nondo nilizoziomba mwenyewe mwaka uliotangulia, kwa hofu ya wezi wa dawa. Mama Salima alikuwa akitolewa asubuhi kuchota maji na kupika, na akituletea ugali alikuwa haruhusiwi kusema neno.

Siku zikawa ni vidonda viwili. Nilianza na paja la mkubwa wao, kisha mguu wa Asumini. Joto la chumba lilitubana na harufu ya dawa haikuwa na pa kutokea. Nilijikuta nahesabu nondo, nikizimaliza narudia, na ziko tano tu.

Na kila asubuhi nilieleza. Sijui kwa nini sikunyamaza. Nadhani hofu ilinifanya nishike nilichokizoea. Nikitoa gozi, kile kitambaa chepesi cha kidonda, kwenye paja lake nilimwonyesha: hapa kuna rangi ya njano, bado usaha unatoka; leo imepungua; siku gozi litakapotoka jeupe, ujue umepona. Alisikiliza vizuri. Sijawahi kuwa na mgonjwa msikivu kama yule.

Siku ya sita, nilipomaliza kumfunga Asumini, mkubwa wao aliniita.

"Nesi, gozi la yule mama limetoka jeupe. Jana pia."

Nilimjibu haraka kwamba kidonda chake kimeziba juu, usaha umebaki chini, na ndivyo vidonda vibaya vinavyofanya. Hilo ni kweli kwa vidonda vingine.

"Basi kesho ukifungue," alisema. "Nataka kuuona huo usaha."

Mchana wakambeba kumpeleka kivulini apate hewa, na mlinzi akaenda naye. Komeo likafungwa. Tulibaki wawili.

Nilikaa karibu na Asumini, nikamweleza kwa Kiyao. Chini ya ile ngozi hamna kitu. Nikifungua kesho atatoka damu safi, na yule mtu atajua. Ili aone usaha, lazima nikifungue sasa, halafu nitie uchafu. Kwenye ndoo kulikuwa na gozi la asubuhi, lililotoka pajani mwa yule mkubwa.

Ganzi walikuwa wameichukua yote. Nilishika bledi. Asumini aliitazama, akauma ncha ya khanga yake.

"Kata, dada."

Nikakata.

Nyama ile niliilea mwenyewe, kidogo kidogo, siku hadi siku. Niliipasua kwa urefu wake wote. Kisha nikachukua lile gozi chafu kwa kibanio, nikalishindilia ndani. Asumini hakutoa sauti. Mimi ndiye niliyelia.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba, wa moto, unanuka. Nilipofungua, mkubwa wao aliangalia mara moja, akageuza uso ukutani.

"Huyo mwacheni," alisema.

Niliomba maji ya chumvi ili niliondoe lile gozi na kumsafisha Asumini upesi. Nilikuwa nimepanga hivyo tangu jana: mkubwa wao atazame, aridhike, kisha niuoshe mguu kabla sumu haijasambaa. Sikupata nafasi. Milio ya risasi ilisikika kutoka upande wa barabara, wakaanza kukimbia. Walichukua boksi la dawa, dumu la maji, hata bandeji. Walimbeba mkubwa wao, komeo likafungwa nyuma yao. Mimi walinisahau, au hawakuwa na muda wa kufungua komeo tena.

Mama Salima alikuwa uani, anachota maji.

Niliona kupitia nondo wakimtwisha gunia. Alitazama dirishani. Nililitaja jina lake, ila sijui kama alinisikia. Wakaingia porini.

Tulikaa ndani siku mbili. Gozi nililitoa kwa mikono, lakini hatukuwa hata na maji ya kunywa, sembuse ya kuosha kidonda. Nilipiga mlango mpaka viganja vikapasuka. Wekundu ulipanda kutoka muundi hadi gotini, nami nilikuwa nikiutazama. Kazi yangu yote niliyosomea ilikuwa kichwani, na mikononi sikuwa na kitu.

Waliotufungulia ni wanakijiji waliorudi kutafuta wazee wao. Tulimpakia Asumini kwenye baiskeli hadi mtoni, tukavuka. Hospitali ya upande huu daktari aliunusa mguu, akauliza kwa hasira ni nani aliyetia uchafu kwenye kidonda hiki. Nilisema ni mimi. Akauliza mimi ni nani. Nikasema ni nesi. Mguu ulikatwa jioni ile, juu ya goti.

Sasa nimerudi Songea, nafunga vidonda kama zamani. Asumini anaishi Nalasi kwa kaka yake, na mwaka jana nilipata ujasiri wa kwenda kumwona. Nilimkuta amekaa mkekani anabangua korosho. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, ya kuomba radhi, na nikayasema vibaya, nikirudia rudia kwamba laiti nisingekata, nikatafuta kisingizio cha kuchelewesha asubuhi ile, wangekimbia bila kutazama mguu wake.

Aliniacha nimalize. Kisha akanisogezea sahani ya korosho.

"Mguu wangu kaka aliuzika pale nyuma ya nyumba, najua ulipo," alisema. "Mama Salima ndiye hatujui alipo. Kwa bibi ya watoto wake umeshakwenda?"

Nilikuwa sijakwenda. Mpaka leo sijakwenda.