Adabu za Zefania

Msiniambie Zefania alikuwa mpole. Upole gani? Ule ulikuwa ujinga, na mimi mkewe ndiye niliyeula ukanikaba.

Ulikuwa mwaka wa vita, ile ya Hitla. Serikali ilitaka watu wa kukata mkonge, kwa lazima, na hapa kwetu Misigiri karani wa kuandika majina alikuwa Gabrieli, kijana wa suruali ya pasi aliyejisifu kwamba hakuna wa kumfunga kwenye mchezo wa dama. Akaliandika jina la Zefania. Mvua zimeshaanza, mtama haujapandwa, na mimi nina mimba ya miezi saba.

Zefania akaenda kumwomba. Gabrieli akacheka. "Tucheze moja. Ukinifunga, nalifuta jina lako. Nikikufunga, panda lori, na sitaki maneno."

Wakacheza barazani asubuhi ile lori lilipofika. Sisi wanawake tulisimama nyuma. Zefania akala kete, akala tena, akafikisha moja mwisho wa ubao, akaingia kingi. Gabrieli akabaki na kete tatu, jasho linamchuruzika. Nikasema moyoni, leo utakoma! Kingi yetu ilikaa kwenye mstari mrefu, ule wa pembe kwa pembe. Haikutakiwa kuguswa. Asogeze kete ya pembeni tu, basi, karani kwisha kazi.

Niliiona njia ile wazi. Si mimi niliyemfundisha dama, kwa punje za mahindi na maharage? Lakini mtazamaji akifungua mdomo, upande wake umefungwa.

Mara nikamwona Gabrieli anampungia dereva mkono. Honi ikalia. Ikalia tena. Dereva alikuwa mzee Kitwana wa Singida mjini, mtu wa mvi.

"Fanya upesi, bwana," Gabrieli akasema. "Unamweka mzee wa watu juani."

Haya, mume wangu akafanya nini? Akainuka! Maisha yake yako mezani, yeye anainuka. "Shikamoo, mzee. Utuwie radhi, namaliza sasa hivi."

"Marahaba. Harakisha."

Akaketi, na bila hata kutazama akaisukuma kingi. Kingi, jamani! Gabrieli akamtegea kete moja. "Kula, ni lazima." Akala. Yule mshenzi akaruka tatu kwa mpigo, kingi yetu ikiwamo, akaingia kingi yeye. Kete zetu zilizobaki hazikuwa na pa kwenda.

Zefania hakubisha. Alimshukuru karani, mnasikia? Alimshukuru! Akapanda lori.

Na lile lori la haraka? Mzee Kitwana alishuka, akala ugali, akanawa, akalala kivulini. Halikuondoka mpaka alasiri. Saa chungu nzima watu wamekaa juu pale kama magunia, na dama ingepata nafasi ya kuchezwa mara kumi.

Jua lilipoinama Zefania akaniita kutoka juu ya lori. "Luciana! Ilikuwa ile kete ya pembeni, sivyo?"

Alikuwa anatabasamu, ananitaka radhi.

"Kaa na adabu zako!" nikamwambia, nikageuka nikaenda zangu shambani. Honi ililia nikiwa nimeinama na jembe, sikuinua kichwa.

Mkonge haukumrudisha. Hilo ndilo neno langu aliloondoka nalo.