Kupitia kwa Katibu Kata

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, vijijini Shinyanga. Mama mmoja mjane alilalamika kwamba Katibu Kata amemchukulia maksai wake wawili, mmoja mwenye pembe iliyovunjika, eti wakalime shamba la kijiji, kumbe anawalimisha kwake. Hakimu akaamuru polisi wamchunguze bwana huyo, akaniambia nipige taipu barua.

Siku zile barua za serikali zilipitia kwa mkubwa wa mahali. Kwa mazoea, chini ya anwani ya polisi nikapiga: “Kupitia kwa Katibu Kata.” Kosa ni langu, sikatai. Lakini hakimu, aliyezoea kunirudishia barua kwa koma moja tu, hii aliisoma mara mbili, akatia sahihi. Hapo ndipo ningepaswa kuanza kumtilia shaka.

Barua haikufika polisi. Ilirudi kwetu na maandishi ya Katibu Kata pembeni: “Nimechunguza. Maksai hawajambo.” Hakimu akanigombeza mbele ya mjane, nami nikaomba radhi kama mjinga.

Mvua zilipoanza, nilipita nyuma ya nyumba ya hakimu. Maksai wawili walikuwa wanalima shamba lake, na mmoja pembe yake imevunjika.