Kwa Sauti Gani

Juzi, nikisahihisha kazi za Kiingereza za wanafunzi wangu hapa Kasongo, nilikuta sentensi moja: baba alisema amesikia. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Alisema kwa sauti gani?" Kisha nikashindwa kuendelea.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu aligombana na mama, akaenda Lusangi kuchimba dhahabu. Alasiri moja mama alinishika mkono, tukaenda pale Kabambare kwenye foni, ile redio ya kutuma habari mbali. Chumba kilinuka asidi ya betri. Mama alisema polepole, akizungusha ncha ya kitenge kidoleni: "Umwambie arudi. Watoto wanamuulizia."

Mwenye foni akainamia mashine, akapiga kelele: "Arudi! Watoto wanamuulizia! Arudi!"

Mimi nilifurahi. Nilidhani mama amemtuma amkaripie baba, na sasa baba ataogopa. Sikujua kwamba bila kelele wale wa Lusangi wasingesikia kitu.

Tulingoja. Mama aliketi, akasimama, akaketi tena. Mwishowe mashine ikakoroma, na mwenye foni akageuka. "Anasema amesikia."

"Amesema namna gani? Kwa sauti gani?"

"Mama, mimi nimesikia sauti ya mwenzangu wa kule. Amesema neno moja, njo ile tu: amesikia."

Njia nzima mama aliniuliza mimi, kana kwamba masikio yangu yalipata zaidi. Baba hakurudi. Mpaka leo sijui kama alimsikia mama, au alisikia zile kelele.