Mjukuu Wangu Alipochagua Mji wa Kukaa

Majina ya watu wa boma letu ninayo yote kichwani, wanaopumua na waliolala, pamoja na majina ya ng'ombe wa mahari yangu. Hapa sitaandika hata moja. Wakiyaona watasema nimewashtaki, na mimi nimekaa tu jikoni kwangu hapa Kisegi na penseli. Shule niliiacha darasa la tatu. Kiswahili nilikiokota sokoni, nikiuza omena, dagaa wa ziwa letu, Homa Bay na Migori.

Mjukuu ninayemsema ni mtoto wa mwanangu wa mwisho. Wanangu wa kiume wote wamenitangulia kaburini, na wajukuu wengine ni wasichana walioolewa. Kwa hiyo katika nyumba yangu mwanamume ni yeye peke yake.

Alikuja kutoka Nairobi kampuni yao ilipofunga ofisi na kumwambia kila mtu afanyie kazi popote. Nilifurahi, nikadhani popote ni hapa. Nikampa meza, akaiweka chini ya dirisha, akafungua kompyuta, akawa anajibu malalamiko ya watu wa nchi ambazo wao wanalala sisi tukiwa macho. Lakini stima ilikuwa inapotea kila siku, na mtandao aliupata vizuri akisimama karibu na choo.

"Dani," aliniambia, maana sisi Wajaluo nyanya tunamwita dani, "huyu jogoo wako amewika katikati ya mkutano. Bosi ameuliza kama niko sokoni."

"Mwambie uko nyumbani."

Hakumwambia. Alichukua karatasi kubwa akapiga mistari. Juu aliandika miji: Lisbon, Bangkok, Kuala Lumpur na mingine ambayo ulimi wangu hauiwezi. Pembeni aliandika mambo: mtandao, stima, kodi ya nyumba, hospitali, mvua, kibali cha kuingia. Kila jioni alinisomea kama anayesoma mahubiri. Lisbon bahari iko, lakini kwa viza wanataka uwe na mshahara mkubwa. Bangkok chakula kiko hadi barabarani. Kuala Lumpur mtandao haulali, na wana kibali cha watu wa kazi za kompyuta.

"Na hapa?" nilimuuliza.

"Hapa wapi?"

"Hapa Kisegi. Umetupa alama ngapi?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Dani, hapa si mji!" Kisha akaniandikia pembeni ili ninyamaze: Kisegi, hewa nzuri, stima hakuna, mtandao chooni, dani yupo. Kwenye mtandao alitupa alama moja. Kwenye dani yupo hakuweka kitu.

Wakati huo nyumba yangu ilikuwa imeanza kuinama upande wa ziwa, mchwa wamekula nguzo. Aliahidi kunijengea kabla hajasafiri. Nikamkalisha, nikamweleza. Kwetu nyumba ya mjane haianzwi na fundi. Shimo la kwanza linachimbwa na mwanamume wa nyumba hiyo, na nguzo ya kwanza anaisimamisha yeye mwenyewe, asubuhi. Akichimba mwingine wa ukoo, basi huyo amemrithi mjane na amekuwa mume wake. Haihitaji harusi wala maneno.

"Nitachimba, Dani. Usijali."

Kibali kilitoka upesi kuliko nguzo. Aliondoka Jumatano kwenda Kuala Lumpur, shimo likabaki mdomoni mwake.

Sasa niseme juu ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipozikwa, alikuja na koti lake kutaka kulitundika kwenye msumari wa nyumba yangu, ndivyo mrithi anavyoanza. Nililichukua lile koti nikamrudishia mbele ya watu. Nilimwambia mimi ni mtu wa Sabato, na hata nisingekuwa, yeye nisingemtaka. Amekaa na hilo neno zaidi ya miaka ishirini. Mke wake alipofariki alikaa nalo zaidi.

Mwezi wa nane nilikwenda makambi ya kanisa kule Homa Bay, wiki moja ya kuomba na kuimba. Niliporudi nilikuta mchanga umemwagwa mbele ya boma, fundi anapima kamba, na nguzo moja imesimama. Shemeji alikuwa ananawa mikono udongo.

"Karibu nyumbani kwetu," aliniambia.

"Kwetu wewe na nani?"

"Muulize mwenyewe. Huyu hapa."

Akanipa simu. Mjukuu wangu alikuwa ndani yake, nyuma yake maghorofa marefu, amevaa fulana nyeupe kama mgonjwa.

"Dani! Umeona? Nilitaka urudi ukute kazi imeanza."

"Nani amechimba hilo shimo?"

"Babu. Lakini mimi nilikuwa natazama kwenye video toka mwanzo. Nilimwambia, babu, nichimbie hilo moja tu, ni kama mimi."

"Unajua yeye ni nani kwangu?"

"Si ni babu?"

Shemeji alikohoa kicheko. "Muache kijana. Yeye amefanya kazi ya macho, ya mikono ameniachia."

Nilikaa chini kwenye ule mchanga na begi langu la makambi. Huyu mtoto alikuwa amenisomea jinsi ya kuishi huko alikokwenda, viatu vinavuliwa mlangoni, chakula unampa mtu kwa mkono wa kulia. Aliyasoma yote kabla ya kukata tiketi. Ya kwetu nilimweleza kwa mdomo wangu, akaitikia huku anatazama kioo cha kompyuta.

Kesho yake jirani yangu wa kanisani alikuja na sukari. "Sasa tukuiteje?" alininong'oneza.

"Niite ulivyoniita jana."

"Jana hukuwa na mzee."

Nyumba iliisha, mabati ya buluu, madirisha ya vioo. Ile ya zamani ilianguka kwa mvua, nikahamia jikoni. Nilimpigia mjukuu nikamwambia aje avunje hii, achimbe mwenyewe shimo jipya, kisha arudi kwenye mji wake.

"Dani, kibali changu kinabadilishwa. Nikitoka sasa naanza upya. Lakini naweza kutuma fundi avunje."

"Na shimo?"

"Tutaona mwaka kesho, Dani."

Nyumba ile sijaingia kukaa, hata kukimbia jua, maana nikikaa humo nimemkubali. Shemeji ndiye anaingia. Mwezi uliopita alileta kiti chake cha mbao, akakiweka sebuleni mkabala na mlango, mahali pa mwenye nyumba. Alipokwenda ziwani nilikitoa nje. Jioni akakirudisha. Kiti kile ni cha mti mzito, na mgongo wangu si wa kubeba tena. Nakivuta kwa kamba, napumzika kizingitini, navuta tena mpaka kifike uani. Wake za watu wanaochota maji wanasimama kutazama, wengine wanacheka. Leo nimekitoa mara mbili.