Mji Uliotufungia Mapazia

Mchana kweupe, mji mzima ulitufungia mapazia.

Sitanii. Tuliingia Oudezijl kwa boti, jua linawaka, na kila nyumba tuliyoipita kwenye ule mfereji, pazia lilivutwa. Hii, kisha ile, kisha ya jirani.

Sisi Waholanzi hatuna tabia ya kufunga mapazia. Ukipita mtaani kwetu unaona hadi chakula kilicho mezani kwa mtu. Kwa hiyo nilipoona vile, nikajua kuna jambo.

"Gijs, umewafanya nini hawa watu?" mke wangu Roelien akaniuliza.

"Mimi? Ndio kwanza nafika."

"Basi ni hiyo kofia yako."

Nikacheka, ila kwa kujikaza. Maana nyumba moja tu, ile ya kona karibu na daraja, ilikuwa wazi. Dirishani alikaa bibi mwembamba, shali ya kijivu mabegani, ananikazia macho. Nikampungia mkono. Wala hakutikisika.

Tulipofunga kamba, akaja mwanamume wa makamo, kofia kaishika kifuani. Alisema anaitwa Harke, ndiye mwenye duka la mikate pale mtaani.

"Poleni sana," akasema. "Yuko humo ndani?"

"Nani?"

"Sietse. Si mmemleta?"

Hapa nieleze kidogo. Boti yetu, Trijntje, tuliuziwa na mzee Sietse, nahodha mstaafu aliyekuwa akitunzwa kwenye nyumba ya wazee huko Groningen. Alitupa sharti moja tu. Siku tutakayopita Oudezijl, mji aliozaliwa, kwanza tuupake bluu ule mkanda wa rangi ubavuni mwa boti. Rangi alituachia mwenyewe, kopo liko chini ya ngazi.

Mimi ni mtu wa Eindhoven, nimekulia juu ya baiskeli. Ya maji siyajui. Nilidhani ni urembo tu. Nikapaka, tena nikapiga picha kujionyesha.

"Bluu ni msiba," Harke akaniambia. "Boti ikipakwa bluu, mwenyewe kafariki. Na huku kwetu marehemu anakuja kwa maji. Akipita, tunafunga mapazia. Ndiyo heshima yake ya mwisho."

"Lakini Sietse ni mzima. Jana tu tumeongea naye."

Harke akavaa kofia yake polepole, kisha akakaa pale ukingoni.

"Mzee huyu," akasema. "Ametupima."

Akatusimulia. Trijntje lilikuwa jina la mama yake Sietse. Alipofariki, boti hii ndiyo iliyopaswa kumpeleka makaburini. Sietse akaondoka nayo kupeleka viazi, eti mnunuzi hasubiri. Mama wa watu akasafirishwa kwenye boti ya jirani ya kubebea nyasi. Sietse aliporudi, dada yake Aukje alimsubiri darajani, akamwambia mbele za watu: "Siku yako ikifika, mimi sikufungii pazia."

Sietse hakukanyaga tena Oudezijl.

Roelien alikuwa anafuta machozi. Mimi nilikuwa na hasira, siwezi kudanganya. Mzee ametufanya wajumbe wa msiba wake bila hata kutuambia. Nikampigia simu hapo hapo.

Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ya jana.

"Bluu umepaka?"

"Nimepaka. Lakini mzee, ungetuambia basi. Watu huku wamevua kofia."

"Wamefunga?"

"Wamefunga. Mtaa mzima."

"Na nyumba ya kona, kwa Aukje?"

Roelien alikuwa ananitikisia kichwa, nisiseme. Na bibi alikuwa bado pale dirishani, ananitazama mimi na simu yangu. Nikashindwa kumdanganya mzee wa watu.

"Iko wazi, mzee. Dada yako amekaa dirishani. Ana shali ya kijivu."

Nikasikia pumzi yake ikikwama.

"Hiyo shali nilimnunulia mimi," akasema.

Harke akanishika mkono kwa nguvu. Uso ulikuwa umempauka.

"Dada yupi? Aukje tulimzika majira ya baridi yaliyopita. Kaka yake tulimtafuta tukamkosa. Nyumba ile nimeifunga mimi, ufunguo huu hapa."

Nikageuka. Bibi alikuwa amesimama. Bila haraka, kama mama anayefunga nyumba kabla ya kulala, akavuta pazia upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Mzee, anafunga," nikasema. "Unanisikia? Aukje anafunga."

Hakujibu. Nikaita tena na tena, mpaka sauti ya mwanamke ikaingia kwenye simu. Alikuwa muuguzi.

"Pole sana kaka. Mzee ametutoka. Sasa hivi, simu ikiwa mkononi."

Harke alitufungulia ile nyumba. Hakukuwa na kiti wala meza, vumbi tupu sakafuni. Pazia lilikuwa limefungwa vizuri, na Harke akaapa kwamba yeye aliliacha wazi. Roelien akatoka nje mbio.

Wiki ile ile tukamleta Sietse nyumbani kwa boti yake. Hatukuhitaji kupaka rangi. Mapazia yote yalifungwa, na la kona lilikuwa bado limefungwa, hakuna aliyekuwa ameligusa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Siku ile nilipomwambia mzee kwamba pazia liko wazi, nilidhani ni kinyongo cha dada yake. Kumbe rangi yangu iliwadanganya wote isipokuwa yeye. Aukje alijua kaka yake bado anapumua, ndiyo maana hakufunga. Muda wake ulipofika, alifunga.

Kinachoninyima raha ni kimoja tu. Sijui kama mzee alinisikia.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna ndugu mmenuniana, achana na kumtumia salamu kupitia watu, achana na kumpima. Mpigie mwenyewe, leo, angali anaweza kupokea.