Betri Nane za Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa malori hapa Bunia, na nusu ya ufundi wake ilikuwa mdomoni. Vita ilipochacha, wenye bunduki wakawa wananyang'anya petroli na injini za mitumbwi kule ziwani. Yeye akatangaza kwamba mtumbwi ambao baba aliuacha kule Kasenyi, ufukweni mwa ziwa, utakwenda kwa umeme. Aling'oa starta ya lori bovu, akaifunga pangaboi la injini ya zamani ya mtumbwi, akaiunganisha na betri.

Jaribio alilifanya uani, ndani ya pipa ambamo mama alikuwa ameloweka muhogo. Muhogo ulizunguka, ukakatika vipande, ukaturukia usoni. Majirani wakapiga makofi. Watu wazima wanashangilia muhogo!

Nikamwambia starta kazi yake ni kuamsha injini, kisha inyamaze. Ikizungushwa muda mrefu itaungua.

"Weye unauzishaka manguo tu," akanijibu. "Mambo ya moteur ulijulia wapi?"

Betri alizichaji kwenye kinu cha unga, kwa jenereta ya mazutu. Yaani tulichoma mafuta ili tusihitaji mafuta, na mwenye akili alikuwa yeye.

Mapigano yalipoingia mtaani kwetu, tulishuka Kasenyi, mwendo wa siku mbili, ili tuvuke ziwa. Betri nane zilipanda baiskeli, mama alitembea. Ufukweni, jirani zetu walikuwa wanaondoka kwa makasia, bibi yao kizee amekaa katikati. Kaka akawacheka.

Tulipoingia sote, maji yakafika ukingoni mwa mtumbwi. Mke wa kaka alikuwa na mapacha wao mapajani. Kaka akatazama betri, akamtazama mama.

"Betri ikipunguka hatufike," akasema. "Mama, utakuya na voyage ya pili."

"Muende tu, batoto yangu," mama akasema. "Mutanirudilia."

Mimi niliyemdharau kaka tangu siku ya pipa, mimi niliyejua kabisa starta ile itaungua, nilimshika mama mkono nikamsaidia kushuka. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kuondoka. Nimetafuta sababu nyingine miaka yote hii, sijaipata.

Mtumbwi ulikwenda, sikatai. Ulikwenda mpaka watu wa ufukweni wakawa wadogo, kisha starta ikatoa moshi na kufa. Kaka alikuwa bado anaipiga ngumi risasi zilipoanza kulia kule tulikotoka. Hatukuthubutu kurudi. Tulitupa betri majini, moja baada ya nyingine, tukaanza kupiga makasia kwa mbao za kukalia.

Mtumbwi ukawa mwepesi. Katikati, betri zilipokuwa, pakabaki nafasi, na mama angeenea pale na mzigo wake. Siku nzima ya kuvuka hakuna aliyeketi hapo. Mama hatukumwona tena.